Jina Chini ya Sahani

Bukavu, Cimpunda
tarehe 11 Juni 1974

Mpendwa shemeji Théodore,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe pamoja na Sophie na watoto. Natumaini ile homa ya Sophie uliyoniandikia wakati wa Pasaka imemwacha, na kwamba kazi yako pale bandarini Kigoma inakwenda vizuri. Huku tungali hai. Mama mkwe anatembea kwa fimbo, lakini bado hataki kushikwa mkono. Mvua zimekatika, vumbi limeanza. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Umeona nimekuita kwa jina lako la ubatizo. Tangu amri ya serikali iliyotukataza majina ya ubatizo sijaandika jina la namna hiyo kwenye karatasi yoyote. Barua hii haipiti posta. Anayeileta ni Maman Clémence, yule mwenye kuuza vikwembe vya kujifunga wanawake, kwa lori hadi Uvira na kutoka hapo kwa boti. Ukiisha kuisoma, uichome.

Tangu kaka yako Pascal atutoke, Septemba iliyopita, karakana naiendesha mimi. Mikono yangu ilikuwa imejifunza kwake bila mimi kujua. Wazungu waliokuwa wakinunua vikombe na vyungu vya maua wengi wamekwenda zao, kwa hiyo nauza bakuli na mitungi pale sokoni Nyawera, na tanuru naliwasha nikipata kuni. Gurudumu lingali linalia upande mmoja. Pascal alikuwa akisema atalipaka mafuta kesho. Sijalipaka.

Unaukumbuka ule muhuri wa pembe ya ng'ombe uliomchongea mwaka wa ndoa yetu? Mara ya kwanza ulichonga herufi kama zinavyosomwa, zikatoka kwenye udongo zimegeuka zote, na Pascal akacheka hadi akakaa chini. Ukachonga tena upande wa pili, ukaisahau S peke yake. Hivyo kila chombo chake kilikuwa na PASCAL kwenye kitako, S ikitazama nyuma, na mji mzima ulikijua kwa alama hiyo. Amri ilipokuja yeye akawa Bulonza na mimi Nabintu kila mahali, naye akauzika muhuri ndani ya kopo la chumvi. Hakulalamika. Ila tangu siku ile sikumwona tena akigeuza chombo kilichoiva kutazama chini yake.

Kwenye maziko padri naye aliogopa, na simlaumu. Msalabani wameandika Bulonza tu. Nilikuwa nikienda pale, nasimama mbele ya jina hilo, na yeye simwoni. Ndipo nikautoa muhuri kwenye chumvi. Nikimaliza kazi nachukua udongo uliobaki, nabonyeza, nasoma, kisha nafuta kwa kidole gumba. Nikiisha kufuta naweza kwenda kupika. Nimeishi hivyo tangu Noeli, na hakuna aliyejua, hata mama mkwe.

Sasa nikueleze kilichoniondolea usingizi. Mwezi wa tano mkubwa mmoja wa mji aliagiza sahani kwa karamu ya sikukuu ya Chama. Huwezi kumkatalia mtu kama huyo, na kusema kweli nilifurahi kupata kazi. Siku moja nilikuwa nakwangua vitako vya sahani hizo, udongo ungali mbichi, na mkono ukashika muhuri badala ya kisu. Nikabonyeza sahani yenyewe. Nikasoma. Nilipotaka kufuta, mama mkwe akapiga kelele ndani, amejimwagia maji ya moto mguuni. Nikaiweka sahani pamoja na zile nyingine, nikakimbia.

Mguu ulipona. Sahani ikakauka, ikachomwa, nikaichovya kwenye dawa ya kung'arisha, nikapangusa kitako kwa kitambaa bila kukigeuza, ikachomwa tena. Ile tabia ya Pascal ya kutotazama chini ilikuwa imenishika na mimi. Dereva akaja, tukazipanga sahani ndani ya majani makavu. Alipofunga mlango wa gari, nilikuwa najifuta udongo kwenye kidole gumba, na kidole ndicho kilichonikumbusha. Gari lilikuwa limeshapita kona.

Shemeji, pale Nyawera alikuwapo fundi viatu aliyechelewa kufuta jina lake la ubatizo juu ya mlango. Walimchukua kwa wiki chache tu. Alirudi bila alama yoyote mwilini, lakini mpaka leo hasalimii mtu, hata mke wake. Kila gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, namfikiria yeye. Nilijiambia kwamba hakuna anayegeuza sahani yenye chakula. Lakini sahani huoshwa.

Anayeosha vyombo kwa yule mkubwa anaitwa Valérie, mama mmoja wa Mwenga ambaye hukaa nami benchi moja kanisani. Siku ya pili baada ya karamu alikuja na kitu amekifunga ndani ya kikwembe. Kilikuwa kipande cha kitako cha sahani, na jina limo lote.

Akaniambia, "Maman, hii iko na jina ya papa, bwana yako. Niliiacha ianguke ku simenti. Mikono ya mwenye kuosha iko na sabuni, nani ataniuliza?"

Walimtukana mbele ya madereva wote, naye akainamisha kichwa akaokota vipande. Nililia, akanipa ncha ya kikwembe chake nijifute. Kisha akaniambia lile lililobaki. Alipokuwa akilisoma jina hilo, mpishi, Constantin, alikuwa amesimama nyuma yake.

Kile kipande nilikitwanga. Unajua sisi hutwanga vigae vya zamani na kuvichanganya kwenye udongo mpya ili chombo kisipasuke. Nilikitwanga mpaka kikawa unga, nikachekecha, nikakanda. Nilijiona kama ninamzika mara ya pili, safari hii bila padri. Sasa yumo ndani ya mitungi inayokauka pale ukutani, na mitungi hiyo sijui kama nitaweza kuiuza.

Huyu Constantin zamani alikuwa akipita hapa bila kunitazama. Siku hizi anasimama. Ananiuliza habari za mguu wa mama mkwe. Ananisalimia vizuri kuliko ndugu. Wiki iliyopita aliingia mpaka karakanani, akalisukuma gurudumu kwa kidole, akalisikiliza linavyolia, akasema polepole, "Maman, ile kitu ya kupiga nayo jina, ungali nayo?"

Nikamjibu kwamba ilizikwa na mwenyewe. Akacheka kidogo. "Ni vizuri. Bakikuja kuangalia, basikute kitu."

Mpaka leo sijui kama alinionya kama Mkristo mwenzangu, au alikuwa akinipima kama mtu anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Nimegeuza maneno yale huku na huku. Uso wake ulikuwa mpole. Majirani wa yule fundi viatu pia walisema waliokuja kumchukua walikuwa wapole.

Siku ile ile niliutia muhuri motoni. Pembe ikiungua, harufu yake haifichiki, ilijaa parseli yote, nyumba na uani. Jirani yetu Barthélemy akapaza sauti juu ya ukuta, "Nabintu, munachinja ng'ombe na munatunyima?" Nikamjibu kwamba ni kwato nilizookota, naunguza nipate dawa. Nikauvuta muhuri kwa koleo. Herufi ya mwisho imeungua pembeni, nyingine ni nzima, na ile S yako ingali inatazama nyuma. Nilifurahi, nikaona aibu ya kufurahi, nikajua siwezi kuujaribu tena moto.

Basi nimefanya hivi. Nimechukua ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba hula, nimeufinyanga donge kama yanayouzwa sokoni, na muhuri umo katikati. Nimelikausha juani. Anayelitazama hataona ila udongo wa kula. Maman Clémence sikumficha, maana ana wajukuu, nami sikutaka abebe hatari asiyoijua. Nilimwambia anaweza kukataa. Alilipima donge mkononi, kisha akalitia ndani ya mfuko wake na mihogo ya safari.

"Haya," akasema, "tangu leo niko na mimba. Basoda na bunduki yabo ku mupaka ya Uvira bakicheka, bacheke." Na unajua umri wake. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kesho alfajiri atapita kuchukua barua hii.

Ukilipokea donge, usilipasue kwa nyundo. Litie kwenye ndoo ya maji, liache, litayeyuka lenyewe. Na Sophie, kama homa ile ilikuwa ya mimba, asije akaling'ata. Halafu mpe Maman Clémence dagaa kidogo aniletee. Usiandike neno lolote. Nikiziona dagaa za Kigoma nitajua kwamba yeye amepita salama na muhuri uko kwako. Mpaka siku hiyo sitaomba kitu kingine.

Mama mkwe anakusalimu sana. Anasema umpe mtoto wa mwisho ile shanga aliyokuachia, kama hukuipoteza. Delphine, binti wa shangazi, anakusalimu. Msalimie Sophie, na wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Mungu aliyewavusha ziwa awafunike kwa mkono wake, na kikombe chenu kisikauke.

Jambo la mwisho ni hili. Huko kwenu hakuna anayemkataza mtu jina. Septemba, siku ya kumbukumbu yake, tafuta udongo mbichi kidogo, ubonyeze muhuri mara moja, usome kwa sauti watoto wasikie. Kisha usifute. Uache ukauke dirishani. Mimi hapa nimefuta vya kutosha.

Na ukiisha kulisoma lake, taja na la kwangu, lile nililopewa kwa maji. Hapa hakuna tena wa kuniita kwalo. Unikumbuke.

Shemeji yako akupendaye,

Agnès