Besi Walipokosea, Nestori Akaimba

Sibwesa, Katavi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Naomi mdogo wangu unayemsomea Mama, habari za huko milimani? Soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka ulipopewa somo kanisani, na ukifika mahali pa kucheka msubiri Mama acheke kwanza. Mama, goti linaendeleaje? Baridi ya huko Upareni naijua, na najua unajifanya huisikii mpaka tangawizi yote ivunwe. Vaa ile sweta niliyokutumia, haikutumwa ikae sandukuni. Huku sisi wote tunapumua na tunakula, na leo nina furaha kiasi kwamba kalamu inanitangulia.

Uliniambia simu inakatakata maneno yangu. Unasikia "hospitali", unasikia "kanisani", halafu kimya, unabaki na wasiwasi mpaka nipige tena. Kwa hiyo nimekaa mezani nikuandikie habari yote tangu mwanzo. Ni habari ya mkweo, mume wangu Nestori.

Kwamba kiharusi kilimkuta shambani wakati wa palizi, hilo ulilisikia. Hospitali ya Mpanda walimpigania, akarudi nyumbani akiwa hai. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu unaburuta, na sauti haipo. Hilo la sauti ndilo simu ilikuwa inalimeza. Alikuwa anaelewa kila kitu, ungemwona machoni, lakini akifungua mdomo ilitoka "aa" tu. Hata jina la Yona, mtoto wake wa kwanza, halikutoka. Akaona aibu, akaacha kabisa kuufungua mdomo.

Na huyo ni Nestori, Mama! Mwalimu wa kwaya tangu hajaota ndevu. Wewe mwenyewe ulimwona siku ya harusi yetu akiwasimamisha waimbaji wa kwetu katikati ya wimbo, suti imembana, eti teno wanachelewa. Kwaya yetu hapa hatusomi nota. Mwalimu ndiye anayemwimbia kila mtu sauti yake, soprano, alto, teno na besi, wanakariri mpaka inawakaa. Nyimbo zote zilikuwa kichwani mwa Nestori, na kichwa kilikuwa kimefungwa.

Nilichoka, Mama. Asubuhi nafundisha shule, mchana niko shambani, jioni namwogesha mwanamume anayenizidi uzito. Mwanzoni niliomba kwa sauti kubwa mpaka majirani wakasikia. Kisha nikawa naomba kwa kunong'ona. Mwishowe nikawa nakaa tu kanisani nimeshika pochi yangu, sina la kumwambia Mungu. Sikumkasirikia, niliishiwa maneno tu. Nilikuwa naona nyumba yangu yote imekuwa bubu, siyo Nestori peke yake.

Akina mama wa kanisa hawakunihubiria. Walikuja asubuhi moja na majembe yao, wakamaliza palizi iliyokuwa imenishinda, wakaondoka hata uji hawakunisubiri niuepue. Niliposimama kulitazama shamba lile safi, nililia. Nikasema, Baba, kama umewatuma hawa, basi nyumba yangu bado unaijua.

Ndipo Kaka Elisante akapiga simu. Simu yangu siku hizi haisikiki mpaka uweke spika, na Nestori alikuwa ameketi pale pale. Kaka akasema, "Eliwaza, chukua watoto urudi nyumbani. Huyo mwachie mama yake. Wewe bado kijana, utajizika na mtu asiyesema?" Mama, najua alisema kwa kunipenda. Lakini Nestori alisikia kila neno. Alinitazama, akafungua mdomo anijibu, na hata ile "aa" haikutoka. Akageuza uso ukutani. Tangu siku ile akawa anakataa chakula, namlisha kwa kubembeleza kama mtoto, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliona nampoteza huku bado anapumua.

Siku chache baadaye akaja Gideoni. Huyu ni fundi baiskeli na ndiye anayeongoza besi kwenye kwaya. Akasimama mlangoni anazungusha kofia mikononi.

"Mama Yona, tunaomba tuwe tunafanyia mazoezi hapa uani kwenu. Sikukuu ya mavuno inakuja, nyimbo zimetupotea kabisa."

Nilimjibu vibaya. "Nyie mna akili kweli? Mnataka mje kumwonyesha alichopoteza?"

Kabla hajajibu, mama mkwe wangu akatoka jikoni na mwiko wake. Mama Daforoza unamkumbuka, yule aliyekukumbatia kwenye harusi mpaka kilemba chako kikaanguka. Akiongea Kiswahili, Kirundi chake kinamfuata nyuma.

"Mukazana wangu," akaniambia, maana hivyo ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto, "mwanangu ni mgonjwa, hajafa. Waache waje. Imana anavumilia makelele yao kila Jumapili, sisi ni nani?"

Imana ndiye Mungu kwa lugha yao. Nikakubali shingo upande.

Mazoezi ya kwanza Nestori alibaki ndani, akaashiria nifunge mlango. Nilitaka kuwafukuza wote. Mama mkwe ndiye aliyemtoa nje siku iliyofuata, amemshika kiuno, akamkalisha kwenye kiti karibu na ukuta, wala hakumwomba ruhusa. Wakaanza wimbo wa mavuno alioutunga yeye mwenyewe. Ndani yake kuna mahali soprano wanapanda, besi wanatakiwa wanyamaze wangoje, halafu waingie peke yao. Besi wetu hawajawahi kungoja. Miaka yote wanaingia mapema, na Nestori alikuwa akiwaambia, "Nyie besi mna njaa gani? Subirini sahani ifike!"

Na siku hiyo wakaingia mapema. Hapakuwa na wa kuwasimamisha, wakaendelea tu, Gideoni amefumba macho anaona raha. Mimi nilikuwa nachambua karanga. Nikasikia kiti kinapigwa. Mkono wa kushoto, paa! Kwaya nzima ikanyamaza. Na Nestori, uso umekunjamana kwa hasira, akaiimba sauti ya besi kuanzia mahali pake hasa: "Ametulisha, ametubeba, hakutuacha njiani."

Maneno, Mama! Maneno mazima, yanasikika moja moja, kwa sauti yake ile ile.

Mama mkwe akasema, "Imana yanje!" yaani Mungu wangu, akaketi chini kwenye vumbi alipokuwa amesimama. Nestori mwenyewe alishtuka kuliko sisi. Akataka kusema kitu, ikatoka "aa" ile ile, machozi yakaanza kumtoka. Nikataka kukimbilia pale, lakini Gideoni akawahi, naye analia waziwazi.

"Mwalimu," akasema, "tumekosea. Turudie?"

Nestori akatikisa kichwa kukubali. Wakarudia. Na Mama, sikudanganyi, wakakosea tena, pale pale. Hawakukusudia, ndivyo walivyo! Kiti kikapigwa, Nestori akaimba tena, mara hii kwa ukali zaidi, na watu wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilienda nyuma ya jiko nikapiga magoti kwenye magunzi, yakanichoma wala sikujali. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila neno la kumpa Mungu. Siku hiyo nilikuwa nayo mengi mno, nikaishia kusema asante, asante, mpaka Yona akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Tulipomrudisha kliniki Mpanda, daktari hakushangaa kama sisi. Alisema kichwani wimbo na maongezi havikai chumba kimoja, na wapo wagonjwa ambao usemi unawarudia kupitia nyimbo. Akatuambia tumwimbishe kila siku. Njiani Yona akaniuliza, "Mama, kwa hiyo ni Mungu au ni daktari?" Nikamwambia Mungu ndiye aliyejenga hivyo vyumba, na daktari ndiye aliyetuonyesha mlango. Aliridhika, na mimi niliridhika.

Tangu hapo nyumba yangu imekuwa kichekesho. Akitaka maji, anaimba. Akitaka fimbo yake, anaimba. Juzi aliomba chumvi ya sombe, kisamvu cha huku, kwa sauti ya wimbo wa mazishi, taratibu mno, ubeti mzima, ugali unapoa. Mama mkwe akamwambia, "Imba wa Pasaka, mwanangu, chumvi itafika mapema." Nestori alicheka mpaka akapaliwa. Bila wimbo alikuwa hapati neno, lakini anakula, Mama, na usiku analala. Na mazoezi ya kwaya ameyashika tena, anaimbia kila sauti mstari wake akiwa kwenye kiti.

Sasa nikwambie ya Jumapili iliyopita. Kwaya za pande zetu zote zilikutana Mpanda mjini, kanisa la Kashaulili, kwa sikukuu ya mavuno. Tulikodi fuso, tukaimba njia nzima, tukashuka tumekuwa wekundu kwa vumbi hata kope. Unajua kwaya haiimbi kabla haijajitambulisha, na mwalimu ndiye anayesimama kutambulisha. Tulikuwa tumepanga Gideoni amsaidie. Zamu yetu ilipofika, Gideoni akaipokea maiki, na Nestori akaichukua mkononi mwake kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa kwenye alto, nikamshika mwenzangu mkono mpaka akaguna.

Nestori akaimba, "Bwana Yesu asifiwe."

Akaimba salamu, Mama! Vijana fulani waliokaa mbele wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Yeye hakutikisika. Kisha bibi mmoja mzee, simjui mpaka leo, akamjibu kutoka katikati ya kanisa kwa sauti ile ile ya wimbo, "Amina." Nestori akaimba mara ya pili, na sasa kanisa zima likaitikia kwa kuimba, hata wale vijana. Akaendelea, "Sisi ni kwaya ya Sibwesa, tumekuja kushukuru." Watu wakaelewa. Niliwaona akina mama wanashika midomo yao.

Akaweka maiki chini akainua mkono wa kushoto. Tukaanza wimbo wake. Tulipofika pale kwa besi, soprano wakapanda, na Nestori akaushikilia mkono juu. Akaushikilia. Niliwatazama besi, Gideoni ameukazia macho mkono ule, na wakangoja! Mkono uliposhuka wakaingia wote pamoja, nikasikia sakafu inanguruma miguuni. Kanisa zima likasimama. Vigelegele vilianzia kwetu vikaenda mpaka nje kwa watu waliokosa nafasi. Mama Daforoza alivua viatu akacheza navyo mkononi mpaka mbele ya madhabahu, na wazee wa kanisa hawakuthubutu kumrudisha. Nilimwona mume wangu amesimama, fimbo ameisahau kwenye benchi, na uso wake ulikuwa uso wa siku zote, uso wa mtu anayetafuta nani amekosea. Nilimpenda siku ile kupita siku ya harusi.

Sasa, Mama, kuhusu kurudi nyumbani. Mwambie Kaka Elisante sina kinyongo naye, na nikimwona nitamkumbatia. Mwambie pia kwamba si kila kitu kimenyooka. Mkono wa kulia bado haujaamka, jembe haliwezi, na msimu ujao tutalima kipande kidogo. Nayajua hayo yote na nimeyapima. Lakini Mungu alinikuta hapa hapa, nikiwa sina hata sala, akaja kwa majembe ya akina mama na kwa besi wasiojua kungoja. Siwezi kuondoka mahali kama hapa. Nachoka bado, ila siku hizi ninapochoka najua nani wa kumwegemea.

Nisalimie shangazi yangu aliyenifundisha kupika makande, mwambie huku mahindi hayakobolewi kama huko na makande yake ninayamisi. Baba mdogo anayechunga mfereji wa maji, msalimie sana. Mke wa mchungaji wetu wa huko, aliyeahidi kutuombea, mwambie asiache, tumefika nusu tu. Na jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la tangawizi, aliyenifundisha kuimba, mwambie mwanafunzi wake mtukutu bado anaimba alto.

Nilitaka kufunga hapa, lakini nimemsomea Nestori barua hii yote, ameketi karibu yangu. Nikamwambia aniimbie salamu zake nikuandikie. Akakataa kwa kichwa. Akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, jasho likaanza kumtoka kipajini, nikadhani anazidiwa, nikataka kumwita mama yake. Akanizuia. Kisha akasema, bila wimbo wowote, akipumzika kila baada ya neno, haya ninayokuandikia kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Mama. Hatuji. Njoo wewe."

Binti yako,
Eliwaza, mke wa Nestori