Maswali ni Yangu, Sifa ni za Ngongoti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla muhula haujafungwa, maana nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Mimi ni msichana wa sekondari, si msemaji, mwalimu akinitaja darasani sauti hunikauka, na rafiki zangu wengi ni vitabu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Baba yangu ni mhadhiri wa chuo kikuu na amesoma habari za mchwa maisha yake yote. Chuoni kwao kila mwezi kuna mihadhara ya wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, na baba akipewa nafasi hajawahi kukataa. Mwaka jana nilimsindikiza kwa mara ya kwanza, nikakuta viti vimepangwa vizuri na tuliokaa tulikuwa mimi, mlinzi aliyekuwa anasubiri kufunga mlango, na bwana mmoja aliyekuja kuchaji simu. Baba alizungumza kana kwamba chumba kimejaa. Mwishoni akauliza, "Kuna swali?" akangoja, akanywa maji, akangoja tena, na mimi nilikuwa nalo swali, mshauri, nilikuwa nalo hapa kooni, lakini mkono haukuinuka. Baba akakunja waya za projekta akasema, "Watu wamechoka siku hizi."

Basi mwezi uliofuata nikamwomba mwanafunzi mwenzangu, tunayemwita Ngongoti kwa urefu wake, aje na wenzake, nikawaambia baada ya mhadhara kuna soda na biskuti za bure, jambo ambalo ni kweli, na njiani nikamkaririsha lile swali langu: kama mchwa wafanyakazi ni vipofu, nani huwaambia mahali pa kuziba kichuguu kikibomoka? Ngongoti ana sauti nzito, alilisema vizuri, na baba akawa kama mtu aliyeamshwa. "Hakuna anayewaambia, kijana! Kila mmoja anahisi upepo unaopenya pale alipo, anaweka tone lake la udongo, na mwenzake anaweka lake juu yake." Akaeleza hadi soda zikapoteza ubaridi. Tangu siku hiyo mimi ninatunga, Ngongoti na wenzake wanauliza, na mimi ninakaa safu ya nyuma nimeinamisha kichwa.

Nyumbani tukila, baba huwasifu. "Yule kijana mrefu ana kichwa! Na wewe, mwanangu, unakuja kila mara unakaa tu kama mzigo uliosahauliwa. Huna hata la kuuliza?" Mama hunikanyaga mguu chini ya meza, kwa sababu mama anajua, na nilipomwambia nataka kusema ukweli alinijibu, "Funika kombe mwanaharamu apite. Baba yako anastaafu muhula huu, mwache aondoke na furaha yake."

Ningeweza kuendelea kufunika, lakini sasa baba atatoa mhadhara wa kuaga, ameomba ukumbi mkubwa kwa ajili ya hao vijana wake, na juzi nilimkuta sebuleni amepiga magoti akipanga kwenye katoni vitabu vyake vya wadudu, vile nilivyojifunzia kusoma nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni, kimoja mpaka leo kina doa la uji wangu kwenye picha ya malkia wa mchwa.

"Baba, vinaenda wapi?"

"Kwa rafiki yako mrefu. Nitamkabidhi mbele ya watu siku ya kuaga, akishafungua maswali."

"Na mimi?"

"Wewe una hadithi zako, mwanangu. Hivi vitakuchosha bure."

Nikamshikia katoni akaifunga.

Nilipomweleza Ngongoti alishika kichwa. "Katoni nzima? Nitaiweka wapi, nasi tunalala watatu chumba kimoja? Halafu dada, mimi mchwa nawajua kwa kuwapulizia dawa tu. Siku mzee akinirudishia swali, nitasema nini? Nimechoka kubeba akili yako, nami nina yangu, ingawa ndogo."

Mshauri, nikisema ukweli nitakuwa nimemnyang'anya baba mwaka wake wa furaha, na ataona kuwa wale wote walifuata biskuti. Nikinyamaza, vitabu vinaondoka, na baba atastaafu akiamini kwamba mwanawe hana analolijali. Lipo swali moja sijampa mtu, nimelitunza nikitaka liwe langu: malkia wa mchwa akifa, wale wafanyakazi wanaendelea kuziba kuta kwa ajili ya nani? Silitumii kwa lolote. Nifanye nini?

Wako, Mchovu wa Safu ya Nyuma

*

Mwanangu wa safu ya nyuma,

Pole. Ila pole yangu isikulaze, maana muhula haukungoji.

Unajua kwa nini umechoka? Umekuwa mtunga maswali, mwalimu wa Ngongoti na mlinzi wa siri, kisha unarudi nyumbani kuitwa mzigo. Hata punda huteremshiwa mizigo jioni. Nani alikutuma? Najua, huruma. Uliona mzazi wako anazungumza na viti na moyo ukakuuma, na kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Lakini angalia ulichokifanya: umempa baba yako hadhira, ukamnyima mtoto.

Mama yako namheshimu, ila mwambie kombe analotaka lifunikwe limeshakuwa pipa. Na yule kijana wa watu mwachilie. Amekuazima sauti mwaka mzima kwa soda na biskuti, hakuahidi kulala na katoni ya wadudu kitandani.

Unasema utamnyang'anya baba furaha yake. Furaha ipi? Soma tena barua yako. Kilichomwamsha si wingi wa watu. Ni kwamba kuna kichwa kichanga kinachowaza anayoyawaza yeye. Kichwa hicho hakikuwa cha uongo. Kipo, na kinakula naye meza moja. Umdanganye mtu kwa mwaka mzima, halafu uone haya kumwambia habari njema?

Atakasirika, nisikufiche. Ataona aibu kwa ajili ya ule ukumbi mkubwa, na mtu mzima akiona aibu hupandisha sauti. Usijibizane naye. Kaa hapo hapo, mwache apoe.

Sasa sikiliza. Usingoje siku ya kuaga, na usithubutu kumwumbua mzee mbele ya watu. Iwe nyumbani, iwe wiki hii. Ngongoti aje mwenyewe kabla yako, amwambie mzee kwa mdomo wake kuwa anashukuru lakini vitabu hivyo si vyake. Ana sauti nzito, safari hii aitumie kwa maneno yake. Kuhusu ukumbi, baba yako arudi kwenye kile chumba cha mwanzo, chenye mlinzi wake na bwana wa simu. Wakizidi hapo ni heri. Na wewe siku hiyo ukae safu ya mbele. Mkono usipoinuka usiulazimishe, atakuona.

Najua unachofikiri: "Sauti yangu itakauka hata nyumbani." Basi usianze kwa kuungama. Mtu aliyejibu maswali yako mwaka mzima anayajua yanavyotembea, na atayatambua yakitoka kwenye mdomo wako, mwenyewe halali. Mengine utayaeleza baadaye, yakishafunguka.

Kuhusu malkia aliyekufa, nimelisoma swali lako, nikaweka kalamu chini, nikalisoma tena. Mimi sijui. Hapa gazetini nimewauliza wenzangu, hakuna anayejua. Ninayemjua anayeweza kukujibu ni mmoja tu, na yuko sebuleni kwenu kando ya ile katoni, anadhani hakuna mtu nyumbani humo anayetaka kusikia. Ifungue, kitafute kitabu chenye doa la uji, keti naye sakafuni, umwulize.