Bibi Arusi Ameniuma

Kisangani, Alhamisi, 1956

Ameniuma leo, Bibi Arusi, na nimefurahi kama mujinga.

Chatu wangu wawili, Sultani na Bibi Arusi, wanalinda ghala ya mupunga, panya wasiingie. Sultani iko mukali tangu zamani. Ukifungua mulango tu, anafoka. Bibi Arusi alikuwa anajilegeza shingoni mwangu kama kitambaa, na majirani wakamusifu: "Huyu iko na roho muzuri." Kumbe miezi miwili alikuwa hali kitu. Nilichelewa kuelewa. Ule haukuwa upole, ulikuwa ugonjwa.

Leo nilipomushika, akanirukia mukono. Kisha akameza panya mukubwa.

Niliingia nyumbani damu inatoka. Zaina, muke wangu, alikuwa hajapandisha sauti tangu tumuzike mutoto wetu Musa. Mama yangu anamusifu kwa watu kwamba iko mupole sana. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo.

Akaona shati.

"Papa Musa! Shati nimefua jana! Wewe na nyoka zako, mutaniua!"

Jirani akachungulia. Zaina akanifunga kitambaa huku anafoka, na mimi nikatamani kidonda kingekuwa kirefu zaidi.