Baiskeli ya Daktari wa Ng'ombe

Muhuru Bay,
Alhamisi, 17 Agosti 1995

Kaka yangu Cephas,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mwisho wa nchi, ambako ukitupa jiwe kwa nguvu nadhani litaangukia Tanzania. Natumaini umefika nyumbani salama kutoka Mombasa, kwamba basi halikuwalaza njiani kama mara ile, na kwamba shemeji na watoto umewaacha bila homa. Mimi ni mzima wa mwili. Miguu inauma na ngozi ya pua imebanduka kwa jua, lakini nakula na kunywa. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona.

Nimeandika Kiswahili kwa makusudi. Unamjua Baba Mdogo Fanuel: barua ya mtu kwake ni gazeti la wote, na angeisoma kwa sauti pale uani. Lakini Kiswahili kikizidi mistari mitatu humchosha. Tafadhali isome ukiwa peke yako, kisha umweleze Mama kwa maneno yako, ambayo siku zote ni laini kuliko yangu.

Nianze na jambo ambalo bila shaka umekwisha kuliona. Baiskeli ya Baba haimo nyumbani mwake. Haikuibwa. Ninayo mimi.

Najua keyo nyinyo, siku ya kugawa vitu vya marehemu, ni Jumamosi hii. Najua vyuma vya marehemu havisogezwi, iwe jembe, panga au baiskeli, mpaka wazee wakae na kuvigawa, na kwamba tumengoja wiki tano kwa ajili ya likizo yako, wewe mzaliwa wa kwanza. Najua pia baiskeli ni haki yako, si ya msichana, ingawa Baba Mdogo amekwisha kuipima kwa macho na kusema kiti kiko juu kidogo. Yote hayo niliyajua Jumatatu asubuhi nilipoitoa chini ya magunia. Nilimwambia Mama ninakwenda kwa Mourine, mwenzangu wa chuo cha ualimu, na huo haukuwa uongo. Mourine alikuwa akiningoja Rodi Kopany na baiskeli ya kaka yake.

Labda hukuwahi kusikia ahadi ya Baba, maana ulikuwa umeshahamia Mombasa. Aliniambia nikimaliza mwaka wa kwanza chuoni tutazunguka sisi wawili njia yake yote ya zamani ya kuchanja ng'ombe: Ndhiwa, Karungu, kuvuka Mto Kuja, hadi Muhuru, halafu turudi kupitia Isebania na Migori. Yeye kwa baiskeli yake, mimi kwa ya kuazima. Si kazini, matembezi tu, kama wale Wazungu wanaopita na mifuko imening'inia kila upande wa gurudumu. Nilimaliza mwaka wa kwanza tarehe saba Julai. Tarehe kumi na tano tukamzika.

Basi nilitaka kuitimiza safari hiyo kabla baiskeli haijawa ya mtu mwingine, hata mtu huyo akiwa wewe. Nilihesabu siku nikaona nitarudi Ijumaa, niirudishe chini ya magunia, na hakuna ambaye angejua. Tangu kilomita ya kwanza nilikuwa naogopa. Pancha ya kwanza ilipotokea kabla ya Ndhiwa nilisema hiyo ni chira, ule mkosi wa kuvunja mwiko, imeshaanza kunifuata. Mourine alichomoa mwiba kwenye tairi, akanionyesha, akasema chira haina ncha kali namna ile. Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kaka, huku hakuna anayejua matembezi ya baiskeli. Wasichana wawili wenye mizigo kwenye keria lazima wawe na shughuli. Sokoni walituuliza kama tumeleta chanjo ya watoto, au ni kanisa gani jipya. Mama mmoja aliuliza kama kwetu wanaume wamekwisha. Wengi zaidi waliuliza nani amekufa. Nawe ukifikiri, wana haki: msichana anayekanyaga pedeli kwa haraka, jasho linamtiririka, hasimami kununua wala kuuza, anapeleka nini kama si habari ya msiba?

Wa kwanza kuijua baiskeli alikuwa Mzee Job, karibu na Ndhiwa, ambaye Baba alimwokolea ng'ombe mwaka wa ule ugonjwa mkubwa. Aliitambua kwa ile ngozi ambayo Baba aliifunga kwenye chuma cha katikati ili nikae nilipokuwa mdogo. Alitoka shambani anakimbia, mkono kichwani, akiita kwamba ile ni baiskeli ya daktari wa ng'ombe, na kwa nini inaendeshwa na mtoto, kuna nini nyumbani? Nilimjibu kwamba tunatembea tu. Alitupa uji na ndizi mbivu, akatusindikiza hadi barabarani.

Karungu ilikuwa hivyo hivyo. Mama Leonida, yule rafiki wa Mama aliyekuwa akituletea dagaa wa omena, alikuwa akigeuza omena wake juani. Aliposikia kengele alisimama wima kabla hajatuona. Kengele ile anaijua kwa sauti. Naye aliuliza kuna nini, naye nilimjibu. Tulilala kwake, na asubuhi alitufungia omena wa kupeleka nyumbani.

Jana tulipovuka Kuja mnyororo ulikatika, nikaanguka, goti likachubuka. Tuliusukuma ule mzigo wa chuma zaidi ya saa moja hadi tukampata fundi. Tulifika Muhuru jua likizama, tukapokelewa na Mzee Nashon. Unamkumbuka? Ndiye aliyefanya kazi ya chanjo na Baba miaka kumi na moja, wakilala hema moja. Mkewe alinikanda goti kwa maji ya moto. Mzee mwenyewe aliiosha baiskeli matope bila kuombwa, akawa anasema nayo kama mtu na ng'ombe wake.

Sasa, Kaka, sina tena mlima wa kujificha nyuma yake. Nimekuambia waliuliza nini, sijakuambia yote niliyojibu.

Mzee Job aliposimama mbele yangu na mkono kichwani, neno lilinitoka kama kikohozi. Nilisema hakuna baya, Baba hajambo, anawasalimu. Mourine alinitazama, kisha akainama kukaza kamba ya mzigo wake. Tangazo letu la msiba redioni lilisomwa mara moja tu, na huku betri si za kuchezea, hakuna aliyesikia. Mzee Job aliushusha mkono ule akacheka, na mimi pia nikacheka. Nilikanyaga pedeli kuelekea Karungu nikiimba. Kule nilisema tena, na safari hii niliongeza kwamba mguu wake uliokuwa ukimsumbua umepona. Kwa siku tatu Baba hakufa, Kaka. Kila niliposema yuko, alikuwa yuko. Ndiyo sababu niliona raha, na raha hiyo ndiyo inayonitia aibu sasa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilizidi kilomita mia moja, lakini iliishia hapa. Jana baada ya kula, Mzee Nashon, ambaye naye nilimpa salamu za Baba, alisema kwa kuwa mwenzake ni mzima, yeye haoni sababu ya kungoja Krismasi. Jumamosi atapanda lori la samaki aende kumsalimu. Leo alfajiri nilimsikia akimwambia mkewe ampigie pasi lile koti la harusi. Nilimwona akilini akija kwetu na koti lake na samaki wa kukausha, akiingia langoni akiita jina la Baba, na wazee wamekaa wanagawana panga zake.

Nilitoka nje nikamwambia kabla mkaa haujashika ndani ya pasi. Hakupiga kelele. Aliuliza alizikwa lini, nani alichimba kaburi, mvua ilinyesha? Kisha alikwenda kwenye baiskeli, akapiga kengele mara moja, ndipo akalia, na majirani wakaja. Baadaye aliniambia bila kunitazama kwamba hawezi kunisaidia na wale wengine. Mdomo uliosema yuko ndio useme hayuko. Alikuwa na hasira, na bado anayo.

Kwa hiyo sitakuwepo Jumamosi. Kesho ninarudi Karungu kwa Mama Leonida na omena wake ambao siwezi kuwala. Jumamosi nitakuwa kwa Mzee Job. Jumapili, Mungu akipenda, nitafika nyumbani na baiskeli, na Mama anifanye atakavyo. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mourine atakuletea barua hii kesho kwa lori la samaki, pamoja na Mzee Nashon. Mzee hakutaka kungoja Jumamosi. Atakuwa akilia tangu barabarani. Msishangae, mpokeeni, na mwonyesheni kaburi kabla ya kumpa kiti.

Sikuombi baiskeli. Ninaomba wazee wangoje hadi Jumatatu. Wakiuliza iko wapi, na Baba Mdogo akianza kelele, waambie haijapotea. Imekwenda kupeleka habari ya mwenyewe.

Msalimie Mama, na umwambie goti si kitu. Wasalimie shemeji na watoto utakaporudi Mombasa, na wote watakaouliza habari zangu. Salamu hizi ni zangu peke yangu. Za Baba nimezimaliza njiani.

Ni mimi dada yako,
Trizah