Mapichi ya Jumatano

Ha Rantsane,
Mafeteng,
Lesotho.

11 Agosti 2019

Mpendwa dada yangu Selloane,

Salamu nyingi zikufikie huko Germiston, Afrika Kusini, na zikukute ukiwa mzima. Kifua kimepona? Uliposema unapiga pasi huku unakohoa sikupenda hata kidogo. Vaa soksi mbili, na kama mama mwenye nyumba anakucheka mwache acheke.

Sisi huku hatujambo. Baridi imetukamata vibaya mwaka huu, na theluji ilifunga njia ya dukani tukakaa ndani kama wafungwa. Rorisang wako ni mzima kabisa. Amempita Limpho wangu kwa urefu, na ile sketi uliyomletea Pasaka sasa inamwishia juu ya magoti. Katoto kangu Relebohile kameota meno ya mbele na kanamng'ata kila mtu. Baba Limpho anakusalimu. Tangu mgodi umrudishe nyumbani anawajengea watu kuta, ila wakati wa baridi udongo haushiki, kwa hiyo anashinda jikoni akitushauri namna ya kuwasha moto.

Barua yako kuhusu ile kazi nimeipata. Unasema jirani wa bosi wako anataka mtu wa kulea mtoto kuanzia Septemba, chumba kipo, na nisichelewe kujibu. Unasema kwa hali ya nyumba hii hakuna njia nyingine, niwaachie watoto mama mkwe wangu nije. Najua hukuyaandika kwa wepesi, kwa sababu wewe mwenyewe ulituachia Rorisang akiwa bado ananyonya kidole. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu, usije ukadhani nimekudharau.

Ile baridi ya mwaka jana uliiona kwa macho yako. Ulipokuja kumzika mjomba ulikuta watoto wanakula ugali kwa maji ya kabichi, muuguzi wa kliniki ameshatugawia unga wa lishe, na wewe ukatoka nje kulia ukidhani sikukuona.

Sasa nikuulize, dada. Siku ile ulikaa wapi? Ulikaa sebuleni, mgongo umeelekea kabati la vioo la mama mkwe, na kabati lilijaa mapichi mpaka juu. Kila Januari mimi na yeye tunamenya, tunapanga kwenye chupa, tunachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka vifuniko vibonyee, halafu kila chupa inaingia kabatini na ufunguo unaingia kifuani kwake. Ni ya wageni. Na zaidi ya wageni, ni ya mazishi yake. Unawajua wanawake wa hapa. Mahubiri watayasahau, lakini hawatasahau kama marehemu aliwaaga na mapichi au na kabichi.

Na ghalani yalining'inia magunia ya spinachi na majani ya maboga tuliyoyaanika wenyewe juu ya bati. Hayo nayo hayakuguswa, kwa sababu mama mkwe anasema mboga kavu ni chakula cha nyumba isiyo na mwanamume. Basi cha chupa ni heshima, kikavu ni aibu, na katikati watoto wanalala na ugali mtupu. Hatukuwa na chakula kidogo, dada. Tulikuwa na chakula tulichokiogopa. Nilipoliona hilo nilikasirika sana, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanyia kazi.

Mwaka huu nikakata shauri. Mapichi ya miti yangu, ile ya nyuma ya zizi, sikuyapeleka kabatini. Mengine niliyaanika, mengine niliyatia kwenye chupa, nikazipanga kwenye maboksi na kuyasukuma chini ya kitanda changu, pamoja na chupa za nyanya na za bitiruti ya siki. Mama mkwe aliingia chumbani bila kubisha hodi.

“Mke wa mwanangu, siku hizi unaatamia mapichi?”

“Naatamia ya watoto, Mama. Yako yapo kabatini, sijayagusa.”

“Na wageni wakija?”

“Wageni wana kabati. Watoto wana kitanda.”

Hakunisemesha mpaka mahindi yalipovunwa.

Ilipoingia Juni nikaanza. Asubuhi nachemsha mapichi makavu mpaka yalainike, nayakoroga ndani ya uji wa mtama uliochachuka, na sukari hatuiulizii tena. Maharagwe nayapika na nyanya za chupa. Jioni ni mboga kavu zilizolowekwa tangu mchana, kitunguu, na kipande cha nyama ya kukausha nilichokikwangua kwa kisu kikawa kama vumbi, kiwatoshe wote. Siku ya kwanza sikuziosha vizuri. Baba Limpho alitafuna, kisha akauliza, “Hii ni mboga au ni barabara ya Mafeteng?” Sasa naziosha mpaka maji yawe meupe.

Na Jumatano nafungua chupa ya mapichi. Nilichagua Jumatano kwa sababu ni siku isiyo na sifa yoyote. Mara ya kwanza Baba Limpho aliingia, akaona bakuli mezani, akavua kofia.

“Nani kafa?”

“Hakuna aliyekufa. Kaa ule.”

“Basi nani anakuja?”

“Umekuja wewe.”

Akakaa, lakini alikula huku akitazama mlangoni. Rorisang na Limpho hawakuwa na mashaka hayo, walipigania maji yake. Mama mkwe alikubali mboga, ila mapichi aliyasukuma kando. Alisema hawezi kula mapichi siku ya kazi akiwa bado anapumua.

Julai mafua yakamlaza. Tukamtandikia godoro sebuleni karibu na jiko, na Alhamisi wanawake wa umoja wake wa kanisa wakaja kumwombea, sare zimepigwa pasi, kofia nyeupe kichwani. Walipomaliza kuomba akanipa ufunguo mwenyewe, akaninong'oneza nitoe zile za nyuma kabisa, za mwaka aliofariki baba mkwe, kwa sababu ndizo alizozithamini kuliko zote.

Dada, kifuniko cha chupa ya kwanza kilikuwa kimevimba. Nilipokigusa kikaruka, povu likanimwagikia mkononi na harufu ya pombe ikajaa sebule nzima. Nikatoa ya pili. Ilikuwa nyeusi kama chai iliyolala. Wanawake wakatazama sakafu. Mmoja akasema taratibu kwamba wameshiba, na hapo ndipo nilipomwona mama mkwe akivuta blanketi mpaka machoni. Katika miaka yote niliyoishi naye sijawahi kumwonea huruma namna ile.

Nikaenda chumbani, nikapiga magoti, nikavuta chupa tatu kutoka chini ya kitanda. Nikazifuta vumbi na kuzibonyeza vifuniko kuhakikisha ni vizima, nikawaandalia kwenye vyombo vyake vya heshima. Walikula wakasifu mkono wa mama mkwe, nami sikuwasahihisha.

Walipoondoka aliitazama ile chupa nyeusi. Kisha akasema, “Mama Limpho, miaka yote hii nimewatunzia watu wangu mapichi.”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi hata kufa kwenyewe nimechelewa.”

Sikujua nicheke au nilie. Akaanza yeye kucheka, kikohozi kikamshika, nikampiga mgongoni huku na mimi nacheka machozi yananitoka.

Alipopata nguvu tulilitoa kabati lote. Zilizoharibika tulizifukia mbali na nguruwe, na zilikuwa nyingi. Nzima tukazihesabu kuwa za nyumbani. Aliniuliza mara moja tu, “Na siku yangu ikifika, watu watakula nini?” Nikamwambia watakula kitakachokuwepo. Akafikiri, akasema, “Basi mnizike na kabichi, mradi wajukuu wafike kaburini na miguu yenye nguvu.” Jumatano iliyofuata alinyoosha bakuli lake kabla ya watoto. Siku hizi anawafundisha majirani kuloweka mboga kavu, na ukimsikiliza utadhani jambo hili alilianzisha yeye. Namwachia.

Wiki iliyopita niliwapeleka watoto kliniki. Muuguzi aliwapima, akaangalia tena kadi zao, akaniuliza mume wangu amerudishwa mgodini nini. Nikamwambia hapana, tumeanza kula vyakula vyetu. Safari hii hakutugawia unga wa lishe, akasema atawapa wenye shida.

Kwa hiyo, dada, siji. Usinishikie nafasi hiyo, mpe mwingine leo hii. Sijasema maisha yamekuwa rahisi. Mafuta ya taa bado yanatushinda na viatu vya shule sijui vitatoka wapi. Lakini chakula cha kutufikisha mpaka bustani iote kipo, udongo ukishika Baba Limpho atapata kuta za kujenga, na watoto wangu nitawalea mimi. Usinibembeleze kwa barua nyingine, utapoteza stempu.

Ukija Krismasi usituletee makopo ya samaki. Tuletee chupa tupu, zenye midomo mipana na vifuniko vipya, nyingi kadiri utakavyoweza kubeba.

Nisalimie mwenzako Nthatisi na wote wa kanisani kwenu. Mama mkwe anakusalimu, na Baba Limpho, na Limpho, na katoto ka meno. Mungu akutunze barabarani na kazini, akuondolee hicho kikohozi.

Rorisang naye amenipa salamu zake nikiwa naandika. Aliniuliza kama mama yake anajua kumenya pichi, kwa sababu hajawahi kumwona akimenya. Nimemwambia unajua, tena kuliko mimi, na kwamba mapichi yakiiva Januari utamfundisha mwenyewe. Huko kazini waambie utarudi Februari.

Mdogo wako anayekupenda hata ukinuna,

Mama Limpho