Nakala ya Umm Nadhir

Amman, Jumanne

Dada Suhad,

Natangaza rasmi kwamba kwenye kompyuta tumepata bamia kilo mbili.

Simu ya marehemu bibi ilipofuta jumbe zake za sauti, uliniomba nizitafute kwenye nakala ya kompyuta. Nikakuta faili la “Umm Nadhir”, nikalirudisha simuni mwangu. Sauti ikakwaruza: “Bamia kilo mbili, na usiniletee zile ngumu.” Machozi yakanitoka.

Mke wangu akaniangalia. “Abu Nadhir, hiyo ni sauti yangu. Unanililia nami ningali hai?”

Nimechanganyikiwa, dada. Bibi ni Umm Nadhir, yaani mama wa Nadhir, baba yetu. Mke wangu naye ni Umm Nadhir, mama wa Nadhir, mwanangu. Nimewauliza wote nyumbani. Simu ya bibi haikuwahi kuunganishwa na kompyuta.

Kakako,
Sufyan