Picha Haitashuka

Kwa kaka yangu mheshimiwa,

Pokea salamu za mdogo wako, pamoja na ombi la radhi kwa kuchelewa kukujibu. Mafua yalinilaza, lakini nimepata nafuu. Paa la jikoni nalo limeacha kuvuja.

Umeniandikia kwamba nimeuaibisha ukoo, na kwamba picha yangu isiposhushwa kabla ya maonyesho ya chuo, nisikuite kaka tena. Niwie radhi nijieleze. Mwalimu wetu wa upigaji picha alimtaka kila mwanafunzi ajipige picha inayosema yeye ni nani. Nilivaa suti ya kanisani. Binti ninayesoma naye akacheka: "Babu, hapo kama unasubiri hukumu!" Basi nikajifunga aproni ya marehemu shemeji yako, ile ya maua, nikajipiga nikimenya viazi.

"Ehee! Sasa umetoka, Babu!"

Unasema mwanamume hafungi aproni. Kaka, mke wangu alipoanza kuugua, alinifunga hii kwa mikono yake mwenyewe, kisha akanifundisha kupika akiwa kitandani. Nilimlisha hadi kijiko cha mwisho. Suti ile niliivaa kumzika tu. Ndani ya aproni hii nilikuwa mume wake.

Kwa heshima yote uliyonifunza, nakataa. Picha haitashuka. Ukija kwenye maonyesho, nitakupokea mlangoni na kukuita kaka mbele ya watu wote, upende usipende. Hutanikosa: nitakuwa nimevaa aproni.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu kwa yote isipokuwa hili.